Samaki wa Afrika, mkono wa China: Mwanza ijifunze nini?

MTU akirudi Mwanza kutoka kwenye mafunzo nchini China, picha ndizo zinazotangulia. Kuna picha amevaa joho la hariri, picha ameshika brashi ya wino, picha anakunja vipande vya unga vilivyotiwa nyama, na picha ya kundi zima mbele ya hekalu. Ndugu na majirani huziangalia, hucheka, kisha kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake.

Swali gumu hubaki kijijini. Mfugaji wa samaki wa Misungwi, Magu au Sengerema, ambaye bwawa lake limekaa mwaka mzima bila kumrudishia hata gharama ya vifaranga, hana haja na joho la hariri. Anataka kujua jambo moja tu: huko China wanafanya nini kwenye mabwawa yao ambacho yeye hakifanyi?

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya zile zile picha zinazochekwa. Kwa Wachina, ufugaji wa samaki haukuanzia maabara. Ni mila ya nyumbani iliyorithishwa kwa mikono kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, kama mila ya chai na ya hariri. Anayekwenda huko akazigusa mila hizo na kuuliza sababu zake, hurudi na mtaji. Anayepiga picha tu, hurudi na picha.

Njia iliyokanyagwa zamani

Watanzania kwenda China kujifunza kwa vitendo si jambo la jana. Wakati Reli ya TAZARA ikijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, vijana wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, kuanzia mwaka 1972, kusomea uhandisi wa reli. Tangu wakati huo nafasi zimeongezeka na kugusa kilimo, mifugo, afya na uvuvi. Zipo kozi fupi za wiki chache, na upo pia ufadhili wa masomo ya shahada.

Kwa watu wa samaki, mji wa kuujua ni Wuxi, katika jimbo la Jiangsu. Hapo kipo kituo cha taifa cha utafiti wa uvuvi wa maji baridi, ambacho tangu miaka ya 1980 kimekuwa kikiwafundisha wataalamu kutoka nchi zinazoendelea ufugaji wa samaki unaochanganywa na kilimo na mifugo.

Mtu wa Mwanza akifika Wuxi hajisikii mgeni sana, kwani nao ni mji wa viwanda na biashara ulio kando ya ziwa. Ziwa lenyewe, Taihu, lina kilomita za mraba zipatazo 2,300 na kina cha wastani wa mita mbili hivi. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800, yaani karibu mara 30 ya Taihu, na kina cha wastani wa mita 40.

Hata hivyo, watu wa ziwa lile dogo hawakungoja ziwa liwalishe. Walichimba mabwawa.

Mfanyabiashara aliyechimba bwawa

Wachina wanamsimulia Fan Li, mtu wa karne ya tano kabla ya Kristo, aliyekuwa mshauri wa mfalme kisha akaacha siasa na kuingia katika biashara. Sehemu ya Ziwa Taihu iliyo karibu na Wuxi, iitwayo Lihu, imepewa jina lake.

Fan Li ndiye anayetajwa kuwa mwandishi wa kitabu cha kale cha ufugaji wa samaki. Katika kitabu hicho anaulizwa siri ya utajiri wake, naye anaeleza kwamba zipo njia tano za kujipatia riziki, na ya kwanza ni kufuga samaki. Baadaye wafanyabiashara wa China walimheshimu kama mlinzi wa mali na biashara.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba anayesifiwa kama baba wa ufugaji wa samaki ni mfanyabiashara aliyepiga hesabu. Bwawa lake halikuwa pambo la kuonyesha wageni. Lilikuwa duka, na duka lisipopigiwa hesabu hufa.

Brashi, unga na chai

Ratiba za mafunzo haya kwa kawaida huwa na siku za utamaduni. Washiriki hufundishwa mazoezi ya taratibu ya tai chi, kuandika kwa brashi, kutengeneza chai na kupika. Wengi huziona siku hizo kama mapumziko. Kwa mfanyabiashara au bwana samaki anayejua alichofuata, hizo ni siku za kazi.

Tuanze na brashi. Mtu wa samaki aombe kufundishwa neno moja tu: yu, yaani samaki. Wachina wanalipenda neno hilo kwa sababu linatamkwa sawa na neno lingine lenye maana ya ziada, yaani kitu kinachobaki baada ya matumizi. Ndiyo maana katika mlo wa mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina samaki hutengwa mezani akiwa mzima, kichwa hadi mkia, na kwa desturi hubakizwa kidogo ili mwaka unaokuja uwe na ziada.

Kisha kuna jiaozi, vile vipande vya unga vilivyokunjwa mithili ya sambusa ndogo na kupikwa kwa maji au mvuke. Familia nzima hukaa mezani kukunja, wakubwa kwa wadogo. Nyama ni kidogo na kabichi ni nyingi, lakini watu kumi wanashiba. Kina mama wanaouza vyakula kando ya Soko la Mwaloni Kirumba wanaijua hesabu hiyo. Kilo moja ya minofu ya samaki iliyosagwa, ikichanganywa na mboga na kufungwa kwenye unga, huzaa vipande vingi vya kuuza kuliko ikikaangwa ilivyo.

Chai nayo ina somo lake. Yixing, mji ulio chini ya Wuxi, unasifika kwa birika ndogo za udongo zinazofinyangwa kwa mkono. Vikombe ni vidogo na chai humiminwa mara nyingi. Kwenye meza hiyo ndipo watu hufahamiana kabla bei haijatajwa. Mgeni hupokea kikombe kwa mikono miwili, na kadi ya biashara hutolewa vivyo hivyo, kama mtu wa kwetu anavyompokea mkubwa wake. Anayekimbilia bei kabla kikombe hakijapoa anaweza kupoteza mteja bila kujua kosa lake.

Tope lenye fedha

Somo zito zaidi liko upande wa kusini wa Taihu, katika wilaya za Huzhou. Huko wakulima wa kale walikuwa na tatizo ambalo wakazi wa mbuga za Usukumani wanalifahamu, nalo ni ardhi ya chini inayojaa maji. Badala ya kuikimbia, waliichimba mabwawa, na udongo uliotoka wakaurundika kuwa matuta mapana. Juu ya matuta wakapanda miforosadi.

Mzunguko wake ni huu. Majani ya mforosadi hulisha viwavi wa hariri. Kinyesi cha viwavi na mabaki yao huingia bwawani kuwa chakula cha samaki na mbolea ya maji. Kinyesi cha samaki huzama na kuwa tope. Bwawa linapokaushwa, tope huchotwa na kurudishwa juu ya matuta kuwa mbolea ya miforosadi. Familia huvuna hariri na samaki kutoka shamba moja, na hakuna kinachotupwa.

Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliuingiza mfumo huo wa Huzhou katika orodha ya urithi wa kilimo duniani. Kabla ya hapo, mwaka 2005, lilikuwa limeutambua mfumo wa Qingtian katika jimbo hilo hilo la Zhejiang, ambako samaki hufugwa ndani ya mashamba ya mpunga. Samaki hula wadudu na magugu, huchokonoa tope na kuacha mbolea, na mpunga huwapa kivuli.

Hapa ndipo mshiriki anapotakiwa kuvua viatu. Kuangalia tuta kutoka ndani ya basi hakumwonyeshi mtu ugumu wa tope, upana wa tuta wala namna maji yanavyoingizwa na kutolewa. Akilishika koleo kwa nusu siku atajua kazi hiyo inahitaji watu wangapi, na idadi hiyo ndiyo itakayompa hesabu ya gharama akirudi nyumbani.

Kanda ya Ziwa inayo majaluba ya mpunga yasiyohesabika. Jaluba lenye maji ya uhakika likichimbwa mfereji wenye kina upande mmoja, ambamo samaki watajihifadhi maji yakipungua, linaweza kutoa mpunga na kitoweo. Sharti moja halina msamaha: dawa kali za wadudu zisitumike ndani ya jaluba lenye samaki.

Wanne katika bwawa moja

Wachina wanasimulia kwamba wakati wa utawala wa ukoo wa Tang, jina la samaki aitwaye karpi lilitamkwa sawa na jina la ukoo wa mfalme, Li. Kumvua na kumla kukapigwa marufuku. Wafugaji wakalazimika kutafuta samaki wengine, ndipo wakagundua kwamba aina kadhaa zinaweza kuishi bwawa moja bila kugombea chakula.

Mmoja hula majani. Kinyesi chake hurutubisha maji, vijimea vidogo vikaota. Wa pili huchuja vijimea hivyo, wa tatu huchuja vijidudu vinavyoelea majini, na wa nne hula konokono chini. Bwawa moja likawa na meza nne.

Mfugaji wa Mwanza hahitaji samaki wale. Anahitaji kanuni yao. Sato peke yao bwawani huzaana mno, wakabanana na kudumaa. Wakiwekwa pamoja na kambale wachache, walioingizwa sato wakiwa wameshakua kidogo ili wasiliwe wote, kambale hupunguza vifaranga wa ziada na wenyewe hunenepa. Hapo meza ni mbili ndani ya maji yale yale.

Tuchukue mfano wa hesabu. Bwawa la mita 20 kwa 15 lina mita za mraba 300. Likiwekwa vifaranga wawili kwa kila mita ya mraba, ni vifaranga 600. Wakipona 480 na kufikia gramu 250 kila mmoja, mavuno ni kilo 120. Ikiwa kila kilo ya samaki imekula kilo moja na nusu ya chakula, mfugaji amenunua kilo 180 za chakula.

Chakula kwa kawaida huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji. Mfugaji akiyafanya maji yenyewe yazalishe theluthi ya chakula hicho, ameokoa kilo 60. Akizidisha kwa bei ya chakula dukani kwake, ataona kwa nini mzee wa Huzhou hatupi tope.

Kipimo cha maji hakihitaji mashine. Mfugaji huingiza mkono majini hadi kwenye kiwiko. Vidole vikipotea machoni maji yanapofika kiwikoni, rutuba inatosha. Vikipotea mapema, samadi imezidi na samaki wanaweza kukosa hewa alfajiri. Vikionekana vizuri, samadi kidogo iongezwe. Samadi iwe iliyooza, itiwe kwa kiasi na kwa vipindi.

Mabondo na meza ya mnunuzi

Kwa wafanyabiashara wa Mwanza, China tayari imeshafika nyumbani. Mabondo, yaani kibofu cha hewa cha sangara, husafiri kutoka mialo ya Ziwa Victoria hadi Hong Kong na miji ya kusini mwa China.

Wachuuzi wengi huuza bila kujua kinakokwenda. Huko bondo kavu hulowekwa na kupikwa supu. Ni chakula cha heshima kinachotolewa kama zawadi kwenye harusi na sikukuu, na wengi huamini kwamba humrudishia nguvu mama aliyejifungua. Lililohifadhiwa vizuri kwa miaka huweza kuwa ghali kuliko jipya.

Aliyekaa meza hiyo anaelewa mara moja kwa nini mnunuzi anaangalia ukubwa, unene, rangi na ukavu, na kwa nini tundu moja la kisu hushusha bei. Zawadi ya harusi haitobolewi. Hivyo basi, kijana anayepasua sangara mwaloni kwa haraka, akaacha damu na mafuta kwenye bondo kisha akalianika mchangani, anapunguza fedha yake mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa samaki mzima. Viwanda vya Mwanza vilijengwa kwa ajili ya minofu ya kwenda nje, na kichwa na mifupa vikabaki kuwa mapanki. Kwenye meza ya Mchina kichwa cha samaki ni sehemu ya heshima, na samaki aliye hai ndani ya tangi hupendwa kuliko aliyeganda. Mfugaji mwenye bwawa karibu na barabara, anayeweza kumfikisha sato akiwa hai kwenye hoteli, ana bidhaa ambayo friji haiwezi kushindana nayo.

Mwanza imeshalipia somo la kutomjua mnunuzi. Mwaka 1998 na 1999 Jumuiya ya Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya kipindupindu na sumu, viwanda vilitikisika na wavuvi wakakosa pa kuuza. Ndipo usafi wa mialo na ukaguzi ukapewa uzito. Ni nafuu kujifunza mnunuzi anataka nini kabla hajafunga mlango.

Isiletwe mbegu, iletwe akili

Lipo onyo moja. Asiwepo anayerudi na mbegu ya samaki wa kigeni mfukoni. Ziwa Victoria halijasahau kilichotokea baada ya sangara kupandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Aina nyingi sana za furu zilitoweka.

Aidha, Taihu yenyewe ina kovu. Mwaka 2007 maji yake yalijaa mwani wa kijani kutokana na uchafu wa viwandani, majumbani na mashambani, na wakazi wapatao milioni mbili wa Wuxi wakakosa maji safi ya bomba. Kaa waliokuwa wakifugwa ndani ya nyavu ziwani ilibidi wapunguzwe. Katika Mto Yangtze, China ilipiga marufuku uvuvi kwa miaka 10 kuanzia mwaka 2021. Kwa kuwa vizimba vinaongezeka katika Ghuba ya Mwanza na kwingineko, mshiriki aulize pia habari za kovu hilo, sio za mafanikio tu.

Na kuna kinaya ambacho kila mfugaji anafaa kukijua. Sato ni samaki wa Afrika. China ilimchukua kutoka Mto Nile mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo nchi hiyo inaongoza duniani kwa kumzalisha, na mwaka 2018 sato wake walioganda walizua mjadala mkubwa nchini Kenya walipojaa kwenye masoko, hata Kisumu, kando ya ziwa hili hili. Samaki alitoka kwetu. Kilichoongezwa huko ni utaratibu wa mikono, uliozoewa kwa vizazi vingi.

Kabla ya kupanda ndege

Mwenye nafasi ya kwenda asiondoke mikono mitupu. Kwanza, awatembelee wafugaji watano wa eneo lake na kuandika tatizo la kila mmoja. Pili, ajifunze Kichina cha salamu na namba, kwani taasisi za Confucius zilifunguliwa katika vyuo vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2013. Tatu, achukue vipimo vya bwawa moja la nyumbani ili awe na kitu cha kulinganisha.

Akirudi, cheti kiende kabatini na yeye aende bwawani. Kama lilivyo shamba darasa, liwepo bwawa darasa: bwawa moja la kijiji ambalo kila mmoja atatia mkono, atapima, ataandika gharama na kuona mavuno. Chuo cha uvuvi cha Nyegezi na watafiti wa TAFIRI wako Mwanza, hivyo hakuna sababu ya mtu kuhangaika peke yake.

Tena kujifunza kusiwe kwa upande mmoja. Wachina waliojenga Daraja la Kigongo-Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, waliishi miaka mitano kando ya ghuba. Bujora, Kisesa, ipo makumbusho ya Wasukuma, na ngoma ya bugobogobo huchezwa kwa jembe mkononi, kwa kuwa nayo ilizaliwa shambani. Mgeni akilipia kushika jembe hilo, kula ugali na sato na kusikia sababu zake, hiyo nayo ni biashara.

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure. Lakini anayegharimiwa safari ya nusu dunia hapaswi kujifariji kwa methali hiyo. Siku atakaporudi, yule mfugaji wa Misungwi atakuwa bado amesimama ukingoni mwa bwawa lake akisubiri jibu. Jibu lenyewe ni kukunja mkono wa shati, kuuingiza majini hadi kwenye kiwiko, na kumwambia kile anachokiona.